Aliyekaa kimya ndiye wa kutafutwa: jinsi darasa la chuo linavyoweza kushikana wakati wa janga

Tangazo la kufunga chuo huwa fupi. Wanafunzi wafungashe, wakabidhi funguo za mabweni, wasubiri taarifa nyingine. Ndani ya siku moja au mbili, watu waliokuwa wakionana kila asubuhi wanatawanyika, na wengi wanaagana kwa kupungiana mikono tu kwa sababu wanaamini watarudi baada ya wiki tatu.

Sisi tuliamini hivyo mwaka 2020. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba UVIKO-19 umekuwa janga la dunia nzima, na kufikia Aprili UNESCO ilikuwa ikihesabu zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 waliofungiwa milango ya shule na vyuo. Darasa letu lilikuwa na watu arobaini na kitu, nami nilikuwa mwakilishi wao. Tulikuwa na kundi la WhatsApp lililochangamka tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Ukilitazama ungesema darasa zima lipo pamoja. Mwezi wa tatu tangu tutawanyike ndipo nilipogundua kwamba mwenzetu mmoja hajaandika neno tangu wiki ya pili. Baba yake alikuwa ameugua na kufariki, simu yake imeharibika, naye amekaa nyumbani akidhani tumeshamsahau.

Hakuna aliyemsahau kwa kusudi. Kundi lenye kelele nyingi halionyeshi nani hayupo, basi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na kazi yote ya mwongozo huu ni kuhakikisha msemo huo hautimii kwenye darasa lenu. Mwezi huohuo wa Machi, maofisa wa Shirika la Afya Duniani walieleza kwamba wangependa watu waseme wanakaa mbali kimwili, si mbali kijamii, kwa sababu miili ndiyo iliyotakiwa kutengana. Haya ndiyo tuliyoyafanya, pamoja na yale ambayo ningeyafanya mapema zaidi kama ningejua.

Hatua ya 1: Andikeni orodha, na nakala moja iwe ya karatasi

Namba zilizomo kwenye kundi si orodha. Mtu akibadilisha laini au akitoka kundini, mmempoteza. Chukua daftari, andika jina la kila mwenzenu, na mbele yake: namba yake ya simu na nyingine ya akiba, namba ya mtu mmoja wa nyumbani ambaye yeye mwenyewe ameridhia apigiwe, barua pepe isiyo ya chuo, kwa kuwa anwani za chuo mara nyingi huzimwa mtu akihitimu au akiacha masomo, mahali atakapokaa, na mtandao ukoje huko. Ongeza safu moja ambayo watu huisahau, nayo ni saa anazopatikana. Mwenzako anayelea wadogo zake tangu chuo kifungwe, au anayeuguza mzazi, hawezi kupokea simu saa unayoiona wewe kuwa nzuri.

Namba ya mtu wa nyumbani ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo ngumu kuiomba. Iombeni mapema, kabla hajaumwa mtu, na mseme wazi itatumika lini. Sisi tuliandika hivi: “Ndugu yangu, tunaandika namba ya mtu wa karibu wa kila mmoja wetu. Tutaipiga tu ikiwa wewe hupatikani kwa siku saba. Yako tuandike ya nani?” Akikataa, msimsukume. Wapo ambao nyumbani kwao si mahali pa amani, na simu ya mwanachuo ikiingia kwa baba inamletea matatizo. Huyo mwulizeni kama kuna jirani, shangazi au rafiki wa zamani anayemwamini.

Orodha ishikwe na watu wawili tu, ambao darasa limewachagua. Isirushwe kundini. Msiandike humo namba za vitambulisho wala magonjwa ya watu. Simu huibwa, na daftari huachwa mezani.

Kama chuo kimeshafungwa, anzeni na mlio nao, kisha kila mmoja apewe majina mawili ya kuwatafuta. Sisi tulianza watu wakiwa wametawanyika, na bado tulimpata kila mtu. Wa mwisho tulimpata kupitia mwenzake wa sekondari.

Hatua ya 2: Ligaweni darasa katika vikundi vya watu watano au sita

Hii ndiyo hatua iliyobadilisha hali yetu. Robin Dunbar, msomi wa Uingereza aliyechunguza kwa miaka mingi ukubwa wa mitandao ya urafiki, anasema watu tulio nao karibu kabisa huwa wapatao 5, wanaofuata ni kama 15, kisha 50, kisha 150. Darasa la watu arobaini haliwezi kuwa duara la karibu la mtu yeyote. Ndani ya kundi kubwa kila mmoja anadhani mwingine ameshampigia fulani. Ndani ya kikundi cha watano, pengo la mtu mmoja linaonekana siku hiyohiyo.

Msigawane kwa herufi za majina wala kwa mikoa. Anayeshika orodha amwulize kila mtu faraghani: ni wenzako wawili gani ungependa kuwa nao? Kisha apange ili kila mtu apate angalau mmoja wa wale aliowataja. Atakuwepo ambaye hakutajwa na yeyote. Kila darasa linaye. Huyo mpangie mtu mpole mwenye subira, na siri hiyo ife na wewe.

Kila kikundi kiwe na mshika zamu, na zamu ibadilike baada ya wiki mbili ili mzigo usimlemee mtu mmoja. Kazi yake ni moja: kabla ya Jumapili jioni awe amesikia sauti au kupata jibu la kila mwenzake. Kisha anawaandikia washika orodha maneno mawili, “Wote wapo”, au anataja jina la aliyemkosa. Hasimulii habari za ndani za watu, wala haulizwi.

Hatua ya 3: Chagueni njia kwa kumtazama mwenye bando dogo

Hapa madarasa mengi hukosea. Wachache wenye intaneti nzuri wanaamua kwamba kila mkutano utakuwa wa video, na wenzao wanaonunua bando la siku kwa siku wanajiondoa taratibu, kwa kuwa hakuna anayependa kutangaza mbele za watu kwamba hana hela ya bando. Saa moja ya simu ya video hula mamia ya megabaiti, na picha ikiwa ya ubora wa juu inaweza kupita gigabaiti. Simu ya sauti kupitia intaneti, kwa muda huohuo, hula makumi ya megabaiti. Ujumbe wa sauti wa dakika moja haufiki hata megabaiti moja. SMS yenye herufi 160 haihitaji intaneti wala simu ya kisasa.

Kwa hiyo pangeni kutoka chini kwenda juu. Mambo ya kila siku yaende kwa maandishi na ujumbe wa sauti. Mara moja kwa wiki, simu ya sauti ya kikundi kidogo. Video ibaki kwa ajili ya darasa zima, mara chache, na asiyeweza kuingia aandikiwe yaliyozungumzwa usiku huohuo, si baada ya siku tatu yakiwa yamepoa. Mwenye simu ya kitochi asiachwe nyuma: mmoja wa kikundi chake ampigie simu ya kawaida, aiweke kwenye spika kando ya ile inayoendesha kikao, naye atasikia na kusikika. Mwenzetu mmoja alihudhuria vikao vyetu kwa njia hiyo tu, na alikuwa anachangia kuliko wengi wenye kamera.

Mkiwa na hiari kati ya kuandika na kupiga, pigeni. Watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley waliwataka watu wamtafute rafiki wa zamani, baadhi kwa simu na baadhi kwa barua pepe. Wengi walidhani simu italeta aibu na ukimya mzito. Waliopiga walijisikia karibu zaidi na rafiki zao kuliko walioandika, na aibu waliyoihofia haikuwa kubwa kuliko ya wenzao. Najua uzito wa kubonyeza namba ya mtu mliyekaa miezi miwili bila kusemezana. Bonyeza tu.

Jambo moja la mwisho hapa: msitegemee njia moja. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika kwa takriban saa sita duniani kote, na watu wakagundua kwamba hawana namba za wapendwa wao mahali pengine popote. Karne moja nyuma, wakati wa mafua ya 1918, kampuni za simu nchini Marekani ziliwaomba wateja wasipige ila kwa dharura, kwa kuwa wafanyakazi wengi wa mitambo walikuwa wameugua. Njia yoyote huweza kukatika wakati inapohitajika zaidi. Amueni tangu sasa: WhatsApp ikizima, tunahamia SMS, SMS isipofika, anayeshika orodha anapiga.

Hatua ya 4: Siku moja, saa moja, isiyohamahama

Mkianza kuulizana kila wiki “tukutane lini?”, mtachoka kuulizana kabla hamjakutana. Chagueni siku na saa, iwe hiyo kwa muhula mzima, hata wakitokea watatu tu.

Andikeni saa kwa tarakimu za saa 24. Darasa lenye watu wa lugha mbalimbali, ambamo mmoja akisema saa tatu anamaanisha usiku na mwingine anaelewa alasiri, litapoteza watu kila mara. “21:00” haina utata. Ikiwa wengine wamerudi nchi za mbali, tajeni saa ya mahali pamoja mliopakubali na kila mtu ajigeuzie. Mkumbuke pia kwamba nchi nyingine husogeza saa zao mbele na nyuma mara mbili kwa mwaka.

Hatua ya 5: Kikao cha darasa zima kiwe kifupi na kiwe na mwenyeji

Mara moja kwa mwezi inatosha. Kikao cha bure cha Zoom hukatika baada ya dakika 40, na cha Google Meet chenye watu watatu au zaidi baada ya dakika 60. Msilalamikie ukomo huo. Kikao kinachoisha watu wakiwa bado na hamu kitahudhuriwa tena. Simu za kundi za WhatsApp zilikuwa na nafasi ya watu 4 tu mpaka Aprili 2020 zilipoongezwa hadi 8, na siku hizi zinachukua 32, kwa hiyo darasa dogo linaweza kutosha humo.

Mwenyeji afike dakika tano kabla na amwite kila anayeingia kwa jina lake. Ni jambo dogo, lakini mtu aliyekaa siku nne bila kuitwa jina na yeyote wa rika lake analihisi. Kisha gawanyikeni katika vyumba vya watu wanne kwa robo saa, na kila chumba kipewe swali moja. Swali lisiwe “mnaendeleaje?”, maana jibu lake ni “salama” hata kwa mtu anayezama. Ulizeni: wiki hii umelala vizuri siku ngapi? Jana umezungumza na nani uso kwa uso? Kitu gani kimekukwama ambacho mmoja wetu anaweza kukisogeza? Swali hili la tatu ndilo lililokuwa linatuletea matunda. Mmoja alikuwa amekwama kwenye fomu ya kuahirisha mtihani, na mwingine alishaijaza.

Kamera isiwe lazima. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza mwaka 2021 sababu nne za uchovu wa mikutano ya video: macho mengi yanayokukodolea kwa karibu, kujitazama mwenyewe muda wote, kukaa mahali pamoja bila kujongea, na akili kufanya kazi ya ziada kusoma ishara ambazo ana kwa ana tunazielewa bila kufikiri. Mwambieni kila mtu azime picha yake kwenye kioo chake mwenyewe, na asiyetaka kuonyesha chumba anachokaa asiulizwe kwa nini. Kiungo cha kikao kisiwekwe hadharani, kiwe na nenosiri na chumba cha kusubiri. Zoom yenyewe iliyawasha mambo hayo kwa watumiaji wake mapema Aprili 2020 baada ya wageni wasioalikwa kuvamia vikao vya watu. Na msirekodi. Watu hawasemi ya moyoni mbele ya kinasa sauti.

Hatua ya 6: Mtafuteni aliyekaa kimya

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kama mtaifuata hatua moja tu katika hizi, naomba iwe hii.

Pangeni ngazi, na muipande bila kuona haya. Siku ya tatu bila jibu, mshika zamu anatuma ujumbe wake binafsi, si wa kundi. Siku ya tano anapiga simu, mara mbili, kwa saa tofauti. Siku ya saba anayeshika orodha anampigia mtu wa nyumbani. Asipopatikana huyo, mnamtafuta mwanachuo au rafiki anayeishi karibu naye ambaye anaweza kufika mlangoni, kwa barakoa na kwa umbali, akaona tu kama yupo. Kama alishawahi kusema maneno ya kukata tamaa, rukeni ngazi hizo na mfike juu siku hiyohiyo.

Ujumbe wa kwanza una uzito wake. Usiandike “Umepotea sana” wala “Siku hizi umetutenga.” Maneno hayo, hata kwa nia njema, yanamdai mtu maelezo ambayo pengine hana nguvu ya kuyatoa. Mwandikie kitu asichohitaji kukijibu: “Nimepita kwenye madaftari yangu leo nikaona mwandiko wako pembeni, nikakukumbuka. Huna haja ya kujibu. Nitakupigia kesho jioni, usipoweza kupokea nitajaribu keshokutwa.” Kisha kesho jioni umpigie kweli. Ahadi ni deni, na kwa mtu mpweke deni hili ni kubwa kuliko unavyodhani.

Usiogope kwamba utamsumbua. Peggy Liu na wenzake walichapisha mwaka 2022 majaribio yaliyoonyesha kwamba anayemjulia mwenzake hali hukadiria furaha ya mwenzake kuwa ndogo kuliko ilivyo. Na furaha ya anayejuliwa hali huwa kubwa zaidi pale asipotarajia. Yule mwenzetu aliyefiwa aliniambia baadaye kwamba hakumbuki nilichosema siku nilipompata. Alikumbuka kwamba simu iliita.

Akipokea na sauti yake si ile unayoijua, punguza maneno. Mwulize amelala lini, amekula lini, nani yuko naye nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na vijana walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Basi usishangae, na usimhubirie. Ukihisi anafikiria kujiua, mwulize waziwazi: “Unafikiria kujiua?” Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo, mara nyingi humpa nafasi ya kulitua. Akikubali, usikate simu. Mtumie mwenzako ujumbe ili apige namba ya dharura ya mahali alipo, na amtafute mtu mzima aliye karibu aende akakae naye. Wewe baki kwenye simu mpaka huyo afike. Kazi yako si kumtibu. Kazi yako ni kwamba asiwe peke yake saa hiyo, na kesho yake aonane na mhudumu wa afya.

Hatua ya 7: Ugonjwa na msiba

Habari ya ugonjwa ni mali ya mgonjwa. Akisema “nimepimwa nimekutwa nao, naomba ibaki kwetu”, inabaki kwenye kikundi chake cha watu watano. Mpeni mtu mmoja wa kumpigia kila siku saa ileile. Ishirini wakimpigia siku ya kwanza, siku ya sita hakuna hata mmoja, na siku ya sita huenda ndiyo ngumu zaidi.

Msiba wakati wa janga una ukatili wake, kwa sababu watu wanazika bila kuzungukwa. Darasa haliwezi kufika, lakini linaweza kusikika. Kila mwenzake arekodi ujumbe wa sauti wa dakika moja, mmoja wenu azikusanye na amtumie mfiwa kwa pamoja, ili azisikilize atakapoweza. Msimtumie picha za maua thelathini zinazofanana. Mkichanga fedha, wawe watu wawili: mmoja anapokea, mwingine anaandika na kusoma hesabu mbele ya wachangiaji wote, na kiasi cha kila mtu kisitajwe. Kisha wekeni alama kwenye kalenda siku ya arobaini baada ya mazishi, na siku ya mia. Siku hizo pigeni tena, maana wengine wote watakuwa wameshanyamaza.

Hatua ya 8: Kundi kubwa liwe na vyumba viwili

Tengeni kundi la matangazo, ambamo wanaandika wawili au watatu tu, na la maongezi. Aliyezidiwa na kelele anaweza kulizima la pili bila kukosa tarehe ya mtihani. Habari za tiba na chanjo zisipite bila jina la taasisi iliyozitoa. WhatsApp yenyewe, Aprili 2020, iliweka kizuizi ili ujumbe uliosambazwa mara nyingi uweze kupelekwa kwenye gumzo moja tu kwa wakati mmoja. Aliyetuma uvumi aandikiwe faraghani. Ukimwaibisha mbele ya arobaini, hutamsikia tena, na utakuwa umeongeza mmoja kwenye orodha ya waliokaa kimya.

Hatua ya 9: Someni pamoja, hata bila kuzungumza

Pigianeni simu ya sauti, kila mmoja aseme anasoma nini, zimeni vipaza sauti, na mrudi baada ya dakika hamsini kusema mmefika wapi. Hakuna zaidi ya hapo. Kwetu vikao hivi vya kimya viliwashika watu wengi kuliko vikao vya maongezi, nadhani kwa sababu havimtaki mtu awe na habari ya kusimulia. Maelezo ya mihadhara yachapwe kwa maandishi mepesi, si video, ili mwenye mtandao dhaifu apakue mara moja na kuyasoma bila intaneti.

Hatua ya 10: Barua ya mzunguko

Njia hii ni ya zamani kuliko simu zetu, na ni ile ambayo ningeichagua kama ningeruhusiwa moja tu. Wa kwanza anaandika ukurasa wake na kumtumia wa pili. Wa pili anasoma, anaongeza wake, anampelekea wa tatu. Ikimrudia wa kwanza, anautoa ukurasa wake wa zamani, anaandika mpya, na mzunguko unaanza tena. Zamani ilizunguka kwa posta, ndani ya bahasha iliyokuwa ikinenepa. Nyinyi mnaweza kuizungusha kwa barua pepe, kwa kikundi kilekile cha watu watano au sita, kila mmoja akipewa siku nne.

Kurasa zinazotolewa zisitupwe. Kila mtu azihifadhi zake. Sisi tunazo za miezi kumi na minne. Humo kuna mtu anaeleza jinsi alivyojifunza kumnyoa babu yake ndevu, mwingine anaandika mistari mitatu tu kwamba leo hawezi, na aliyemfuata akajaza kurasa mbili ili kumfidia.

Hatua ya 11: Chuo kikifunguliwa

Msidhani kazi imekwisha. Wapo wasiorudi: karo imekosekana, mzazi anauguzwa, ajira imepatikana, mtoto amezaliwa. Wiki ya kwanza ya kurudi ndiyo wiki wanayoumia zaidi, kwa sababu picha za waliorudi zinajaa kundini. Kabla ya kupiga picha ya pamoja, wapigieni. Wabaki kwenye vikundi vyao vya watano kama zamani, na zamu waendelee kushika. Mkikutana ana kwa ana wakati ugonjwa bado upo, kaeni nje au fungueni madirisha, na mwenye dalili abaki kwake na ajiunge kwa simu.

Orodha isasishwe kila mwaka, siku moja inayojulikana, hata baada ya kuhitimu. Sisi tulichagua tarehe chuo chetu kilipofungwa. Siku hiyo washika orodha wanagawana kurasa za daftari na kupiga namba moja baada ya nyingine, kuuliza kama bado ni ileile. Namba ya yule mwenzetu aliyefiwa tunaipiga ya kwanza. Mwaka jana hatukulazimika kusubiri, kwani alikuwa ameshapiga yeye.